Wasomaji Wanauliza: Maji Hupandaje Mtini?

Barua nyingi za toleo hili zimegusa jambo moja kwa sura tofauti: safari ya maji kutoka mizizini hadi kwenye majani. Tumeanza na ile inayouliza msingi wenyewe. Ukishalishika jibu lake, mengi ya matatizo yanayofuata utayatambua chanzo chake kabla hatujakueleza.

SWALI: Ndugu wahariri, mwanangu wa darasa la saba ameniuliza swali likanishinda. Pampu ina mota, na bado huhangaika kupandisha maji ghorofani. Mti wa mita 40 hauna mota wala moyo. Maji yanafikaje kileleni? Kitabu chake kinasema ni kapilari. Je, hiyo inatosha?

JIBU: Haitoshi, ndugu yetu, na huyo mtoto anastahili jibu kamili. Kapilari ni tabia ya maji kupanda yenyewe katika mrija mwembamba kwa kuwa yananata kwenye kuta zake. Kadiri mrija unavyokuwa mwembamba ndivyo maji yanavyopanda juu zaidi. Sasa tupige hesabu. Mishipa ya zilemu, yaani mirija ya kupitisha maji iliyomo ndani ya mbao, kwa miti ya majani mapana mara nyingi huwa na kipenyo cha mikromita 100 hivi, ambayo ni sehemu ya kumi ya milimita. Mrija wa namna hiyo hupandisha maji sentimita 30 tu. Chukua mwembamba zaidi, wa mikromita 40, utapata sentimita 75. Hapo hujafika hata kiunoni kwa mtu mzima.

Wengine husema mizizi ndiyo inayosukuma. Msukumo wa mizizi upo, na tutaufikia kwenye swali linalofuata, lakini kwa kawaida ni megapaskali 0.05 hadi 0.2 (megapaskali 0.1 ni karibu sawa na kanieneo ya hewa inayotuzunguka), tena hupotea mchana, wakati ambao mti unapitisha maji mengi kuliko wakati mwingine wowote. Miti ya jamii ya msonobari karibu haina msukumo huo kabisa, na miti mirefu kupita yote duniani ni ya jamii hiyo. Wala mti hauwezi kunyonya kwa namna ya pampu iliyowekwa juu ya kisima. Kwenye pampu hiyo, kinachoyapandisha maji ni uzito wa hewa ya nje unaoyasukuma yaingie bombani, na uzito huo hauwezi kuyafikisha zaidi ya mita 10.3, hata bomba likiwa halina hewa ndani.

Kazi inafanyika juu, kwenye jani. Chini ya ngozi ya jani kuna seli zilizoachiana nafasi za hewa, na kuta za seli hizo huwa zimelowa daima. Ukuta wa seli umesukwa kwa nyuzinyuzi za selulosi, na kati yake kuna penyo za nanomita chache; nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita. Stomata, vile vitundu vya kwenye jani, vinapofunguka ili kuingiza kaboni dayoksaidi, mvuke hutoka kupitia humo humo. Maji yaliyobaki ukutani hurudi nyuma, yakazama ndani ya penyo zile, na uso wake ukapinda. Uso uliopinda huvuta. Upenyo wenye nusu kipenyo cha nanomita 10 unaweza kuning’iniza safu ya maji yenye urefu wa karibu kilomita moja na nusu. Kwa hiyo kitabu cha mtoto hakikukosea kani, kimekosea mahali: kapilari inayobeba mti iko kwenye kuta za seli za jani, si kwenye mirija ya shina.

Je, mvuto huo unafikaje chini? Molekuli za maji hushikana kwa nguvu kubwa kuliko tunavyodhani. Safu ya maji isiyo na kiputo cha hewa, iliyomo kwenye mrija mwembamba ambao maji yananata kwenye kuta zake, ukiivuta juu inakuja yote kama mnyororo. Inayotoka jani ikiwa mvuke inaivuta iliyo nyuma yake, na hivyo hivyo hadi kwenye kinywele cha mzizi kilichogusana na unyevu wa udongo. Nishati inatoka kwenye jua linalogeuza maji kuwa mvuke. Mti hautumii chakula chake kuyainua. Kuubeba uzito wa maji peke yake kunahitaji megapaskali 0.01 kwa kila mita ya kimo, na ukiongeza msuguano wa kupita mirijani, kadiria 0.02. Mti wa mwanao wa mita 40 basi unahitaji tofauti ya megapaskali 0.8, yaani karibu mara nane ya kanieneo ya hewa inayotuzunguka. Ndiyo maana kuta za zilemu zimekazwa kwa lignini: bila ugumu huo mirija ingebonyea ndani.

Maelezo haya hayakupatikana kwa kukisia. Mwaka 1891 Eduard Strasburger, wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, aliikata miti yenye zaidi ya mita 20 na kusimamisha vitako vyake ndani ya sumu. Sumu ilipanda ikiua kila seli hai iliyopita kwenye shina, na bado maji yaliendelea kupanda mpaka ilipoyafikia majani. Basi shina hai halihitajiki ili maji yapande. Mwaka 1894 Henry Dixon na John Joly, wa Dublin, Ayalandi, wakatoa nadharia ya mvuto na mshikamano tunayoitumia hadi leo. Ilibaki kuupima mvuto wenyewe, na hilo alilifanya Per Scholander mwaka 1965. Kijiti kinapokatwa, maji yaliyokuwa yamevutwa hurudi ndani, yakaacha uso wa mkato mkavu. Scholander alikifunga kijiti ndani ya chombo cha chuma, mkato ukichungulia nje, kisha akaongeza gesi polepole hadi maji yakatokeza tena kwenye mkato. Kanieneo iliyohitajika kuyarudisha ndiyo kipimo cha mvuto uliokuwemo. Vijiti vya kileleni kwenye miti mirefu vilidunguliwa kwa bunduki.

Mwambie mtoto pia kwamba urefu una kikomo. Mti mrefu kuliko yote unaojulikana, msekwoya wa California, Marekani, una karibu mita 116. Huko juu kabisa majani yake ni madogo na manene, kwa sababu maji yanayofika yako chini ya mvuto mkali mno, kiasi kwamba seli changa hazipati msukumo wa kutosha kutanuka. Watafiti waliopima miti hiyo mwaka 2004 walikadiria kikomo kuwa kati ya mita 122 na 130.

SWALI: Shikamooni. Kama maji huvutwa na majani, mbona nikikata mgomba jioni, asubuhi nakuta maji yamejaa juu ya kisiki, na hakuna jani hata moja? Na yale matone kwenye ncha za majani alfajiri ni umande?

JIBU: Marahaba. Hapo unauona msukumo wa mizizi ukiwa peke yake. Mizizi hai huendelea kuingiza chumvi za madini kwenye zilemu usiku kucha kwa kutumia nishati yake. Maji hufuata chumvi, na kwa kuwa stomata zimefungwa na hakuna mvuto wa juu, kanieneo hujijenga kutoka chini. Mgomba una msukumo huu kwa wingi. Mzabibu nao: Stephen Hales wa Uingereza, katika kitabu alichokitoa mwaka 1727, alieleza jinsi alivyofunga mirija ya kioo kwenye shina la mzabibu lililokatwa na kuyaona maji yakipanda zaidi ya mita 6. Ukikata mchana wa jua kali kwenye udongo mkavu huenda ukaona kinyume, kisiki kikinyonya tone la maji unalolidondoshea, maana safu iliyokatwa bado ilikuwa chini ya mvuto.

Yale matone ya alfajiri huenda ni umande na huenda siyo. Umande hutanda jani zima, hutanda na mawe na mabati. Matone yatokayo ndani ya mmea hukaa kwenye ncha au kwa mpangilio pembezoni mwa jani tu, palipo na matundu maalumu yasiyofungika, na yakikauka huweza kuacha doa jeupe la chumvi. Ukiyaona, ujue udongo una maji ya kutosha na mizizi ni mizima.

SWALI: Nina ua la ndani kwenye chungu. Limenyauka, nikalimwagilia, likazidi kunyauka, nikaongeza maji. Sasa udongo ni tope na majani yananing’inia. Linataka nini?

JIBU: Linataka hewa, dada au kaka, na kila kikombe unachoongeza kinalizuia kuipata. Mzizi unapumua. Oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mara elfu kumi hivi kuliko ndani ya hewa, kwa hiyo udongo uliojaa maji ni mahali pa kukosa pumzi. Seli za mzizi zikikosa oksijeni huwa na asidi ndani, na asidi hiyo huzifunga akwaporini, ambazo ni protini za kupitishia maji kwenye utando wa seli. Mlango ukifungwa, mmea unakauka huku umezungukwa na maji. Baadaye kuvu huingia na mizizi kuoza, na hapo hata ukiukausha udongo hakuna tena cha kunyonyea.

Toa mmea chunguni na uuguse mzizi. Mzima ni mweupe au rangi ya maziwa, mgumu. Uliooza ni wa kahawia au mweusi, laini, una harufu, na ukiuvuta ganda lake huchomoka na kuacha uzi katikati. Kata yote iliyooza kwa kisu safi mpaka ufike palipo pazima. Punguza majani kwa kiasi kinacholingana na mizizi uliyopoteza. Kama nusu ya mizizi imekwenda, nusu ya majani nayo iende, kwa maana kila jani linavuta na hakuna wa kulijibu. Panda upya katika udongo mwepesi: mbili za udongo wa mboji kwa moja ya mchanga wa chembe kubwa, kwenye chungu chenye matundu na kisicho kikubwa kuliko mizizi iliyobaki. Mwagilia mara moja, acha yachuruzike yote, kisha usirudie mpaka sentimita 3 za juu ziwe kavu. Kiweke kwenye kivuli chenye mwanga.

Na kokoto chini ya chungu zisikudanganye. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kuingia kwenye nafasi kubwa za kokoto. Hubaki yameshikwa juu yake mpaka udongo ushibe kabisa. Kokoto hulipandisha tope karibu zaidi na mizizi.

SWALI: Maboga yangu hulala saa sita mchana na kuamka jioni. Niyamwagilie mchana?

JIBU: Usiamue mchana. Angalia alfajiri. Jani pana kama la boga hupoteza maji wakati wa jua kali haraka kuliko mizizi inavyoweza kuleta, hata udongo ukiwa na unyevu. Usiku deni hulipwa. Kama alfajiri majani yamesimama wima, subiri. Kama alfajiri bado yamelegea, maji yamekwisha ardhini, mwagilia siku hiyo hiyo. Chimbua pia kwa kidole sentimita 5 hadi 7, kwa kuwa uso mkavu hausemi lolote kuhusu mahali ilipo mizizi. Unapomwagilia, lowesha hadi kina cha sentimita 20 na uache siku kadhaa, badala ya kunyunyiza kidogo kila siku na kuifundisha mizizi kukaa juujuu. Matandazo ya sentimita 5 hadi 10, yasiyogusa shina, yatakupunguzia kazi kuliko kitu kingine chochote.

SWALI: Miche yangu hustawi kitaluni, nikihamisha inanyauka siku ile ile ingawa namwagilia sana. Nakosea wapi?

JIBU: Vinywele vya mizizi. Kinywele ni seli moja tu ya ngozi ya mzizi iliyorefuka, kama milimita moja, upana mikromita 10, na kinakaa nyuma kidogo ya ncha ya mzizi. Ni vingi kupita kiasi: mwaka 1937 Howard Dittmer, Marekani, alikokotoa mmea mmoja wa rai, nafaka ya jamaa ya ngano, wa miezi minne, akapata vinywele takriban bilioni 14 vyenye eneo la mita za mraba 400 kwa pamoja. Ukiung’oa mche na udongo ukapukutika, vinywele hivyo hukatika karibu vyote. Mizizi minene unayoiona imebaki, lakini sehemu kubwa ya uso wa kunyonyea imekwenda, na majani yote bado yapo yakivuta. Maji mengi ardhini hayasaidii kama hakuna kinachoyagusa.

Wiki moja hadi siku kumi kabla ya kuhamisha, punguza umwagiliaji na uondoe kivuli kidogo kidogo ili jani likomae. Saa chache kabla ya kung’oa, mwagilia kitalu kiloe vizuri. Ng’oa na bonge la udongo, ukishika jani au bonge, si shina. Hamisha jioni au siku ya mawingu. Ukishapanda, bonyeza udongo kwa vidole kuuzunguka mzizi, kwani pengo la hewa kati ya mzizi na udongo hukata safari ya maji hapo hapo, kisha mwagilia taratibu. Kwa miche yenye majani mengi, punguza theluthi moja ya majani ya chini. Weka kivuli siku tatu hadi tano. Chipukizi la juu likianza kukua, vinywele vipya vimekwisha ota.

SWALI: Niliweka mbolea ya chumvichumvi konzi moja kila shina, kesho yake kingo za majani zikaungua. Mbolea ilikuwa mbovu?

JIBU: Kiasi ndicho kibovu. Maji huingia kwenye seli ya mzizi kwa osmosisi, yakielekea upande wenye chumvi nyingi zaidi. Ukiufanya udongo uwe na chumvi kuliko mzizi, maji hayaingii, na yakizidi kukolea hutoka mzizini kwenda ardhini. Mzizi hauna njia ya pembeni: katikati yake kuna tabaka la endodemisi ambalo seli zake zimefungwa mkanda wa nta usiopitisha maji, kwa hiyo kila tone lazima lipite kwenye utando hai kabla ya kuingia kwenye zilemu. Sogeza punje zilizobaki mbali. Chunguni, pitisha maji yenye ujazo mara mbili au tatu ya chungu na uyaache yatoke chini. Bustanini, mwagilia kwa wingi mara moja, ukihakikisha hayatuami. Baadaye pima kwa kijiko kama maelekezo ya mfuko yanavyosema, weka sentimita 8 hadi 10 kutoka kwenye shina, juu ya udongo wenye unyevu, ufukie.

SWALI: Mimi ni mpambaji wa kumbi. Waridi ninazopanga leo, kesho vichwa vimeinama wakati petali bado mbichi. Nimejaribu maji ya barafu, sukari, hata sarafu ya shaba.

JIBU: Weka sarafu pembeni. Waridi linaloinamisha shingo halijazeeka, limekatiwa maji. Ulipolikata, safu za maji zilikuwa zimevutwa. Zikarudi juu ndani ya shina na hewa ikaingia nyuma yake. Mrija wenye hewa hauvuti, kwa sababu hewa haishikamani kama maji. Jambo hili hutokea hata kwenye mmea mzima wakati wa ukame: mvuto ukizidi, safu hukatika na kiputo hujaa mrija. Mwaka 1966 watafiti Milburn na Johnson walirekodi milio midogo ya safu hizo zikikatika kwenye majani yaliyokuwa yakikauka. Mmea mzima una kinga, maana kati ya mrija na mrija kuna vishimo vyenye utando unaopitisha maji na kuzuia kiputo. Ua lako halina mizizi ya kuanzia upya, likishaziba limeziba.

Kata maua alfajiri na uyatumbukize kwenye ndoo ya maji papo hapo. Ukifika kazini, shika shina ndani ya beseni la maji na ukate tena sentimita 2 hadi 3, kwa mshazari, ukitumia kisu kikali. Mkasi butu huponda mirija. Mkato mpya ukifanyika ndani ya maji, kinachoingia ni maji. Hamisha haraka kabla tone lililo kwenye mkato halijakauka. Ondoa kila jani litakalozama chomboni, kwani huoza na kulisha bakteria, na bakteria ndio kizuizi cha pili: utelezi wao huziba mirija kutoka chini. Tumia maji ya vuguvugu, si ya barafu. Maji vuguvugu yana hewa kidogo iliyoyeyuka na hupita kwa urahisi zaidi.

Kwa lita moja ya maji weka kijiko kikubwa kimoja cha sukari, vijiko viwili vikubwa vya maji ya limao, halafu mwisho kabisa robo ya kijiko cha chai cha blichi ya klorini. Usichanganye limao na blichi kabla ya kuvitia kwenye maji. Vikikutana vikali hutoa gesi ya sumu. Sukari peke yake, kama ulivyofanya, huwanenepesha bakteria. Badilisha maji kila siku mbili na ukate tena sentimita moja. Waridi lililokwisha inama huweza kuokolewa likiwahiwa: kata shina ndani ya maji, kisha lilaze ua zima likiwa limezama kwenye maji vuguvugu kwa nusu saa hadi saa moja.

SWALI: Kuna mti mkubwa wenye pango katikati hata mtoto anaingia, na uko kijani. Mwembe wangu mbuzi wamekula gome tu kuuzunguka, fundi wa bustani anasema utakufa. Inawezekanaje?

JIBU: Fundi wako yuko sahihi. Katikati ya mti mkubwa ni mbao zilizokufa na kuziba zamani. Kazi yake ni kuushikilia mti, na hata hiyo mti wenye pango huimudu kwa ganda la nje. Maji hupita kwenye mbao changa, zile za nje zaidi, chini kidogo ya gome. Gome lenyewe kwa ndani lina floemu, njia ya kushushia sukari kutoka kwenye majani. Ukiondoa pete ya gome, maji yanaendelea kupanda, ndiyo sababu mwembe wako bado una majani ya kijani na unaweza kukupa matumaini ya uongo kwa miezi. Mizizi ndiyo inayokufa njaa. Ikishamaliza akiba yake huacha kuota vinywele vipya, na siku maji yatakapokatika majani yatakauka kwa pamoja.

Kama pete haijakamilika na zaidi ya nusu ya mzingo ina gome, safisha kingo kwa kisu mpaka kwenye gome zima na uuache; lami na rangi hazina faida. Kama pete imekamilika, pandikiza madaraja kabla mbao hazijakauka. Chukua vijiti hai vya mwembe huo huo, unene wa penseli, virefu kuliko jeraha. Chonga ncha zote mbili kwa mshazari, pasua gome zima juu na chini ya jeraha, ingiza ncha chini ya gome ili kambiamu, yaani tabaka jembamba linalokua kati ya gome na mbao, iguse kambiamu, ukiacha kijiti kimepinda kidogo kwa nje. Kiwe kimoja kila sentimita 5 hadi 7 kuuzunguka mti, upande wa juu wa kijiti ubaki juu. Pigilia kwa misumari midogo, ziba maungio kwa nta. Fanya hivi wakati mti unapotoa majani mapya na gome linabanduka kwa urahisi. Mnazi ungekuwa na habari nyingine, maana mirija yake imetawanyika shina zima na hauna pete moja ya kukata.

SWALI: Ninafundisha sayansi. Jaribio la maji ya rangi wanafunzi wamelizoea. Kuna la kuonyesha kwamba jani ndilo linalovuta?

JIBU: Lipo, Mwalimu, na halihitaji maabara. Tafuta vijiti vitano vya mti mmoja vyenye majani sawa kwa idadi na ukubwa. Vikate ndani ya maji. Chukua chupa tano zenye shingo nyembamba, kila moja maji mililita 100, tia kijiti, kisha mimina mafuta ya kula juu ya maji yafanye tabaka la nusu sentimita, ili maji yasipotee ila kupitia kwenye kijiti. Weka alama ya kiwango.

Cha kwanza kiache kama kilivyo. Cha pili kivue majani yote. Cha tatu kipake mafuta mazito ya mgando upande wa chini wa kila jani. Cha nne kipake upande wa juu tu. Cha tano kifunike kwa mfuko wa plastiki unaoonyesha. Viweke vyote dirishani kwenye mwanga na hewa inayopita, upime baada ya saa 24 kwa kuongeza maji kwa bomba la sindano hadi kwenye alama. Chupa isiyo na majani itakuwa imepoteza kidogo sana, na hapo hoja kwamba shina linapandisha maji kwa kapilari inajifia mbele ya darasa. Kwa miti mingi kilichopakwa chini kitatumia maji machache kuliko kilichopakwa juu, kwa kuwa stomata nyingi ziko chini. Usitumie nyasi wala mahindi, yana stomata pande zote mbili. Wala yungiyungi la majini, ambalo stomata zake ziko juu. Chenye mfuko kitapungua kidogo baada ya hewa ya ndani kujaa mvuke.

Likiharibika, kwa kawaida ni kwa moja ya sababu hizi: vijiti vilikatwa hewani, mafuta yaligusa mkato wakati wa kutumbukiza (ndiyo maana kijiti hutangulia na mafuta hufuata), au chupa ziliwekwa mahali penye giza na stomata zikafungwa. Kama una mizani ya kupima gramu moja, pima chupa nzima badala ya alama. Gramu moja iliyopungua ni mililita moja ya maji iliyopita kwenye majani.